Jemadari Mchana Shimoni

Kaeni, wapendwa. Leo nitaanza na katuni. Ndiyo, mmesikia sawasawa, katuni, zile ambazo watoto wetu wakishakaa mbele yake hata ukiwaita kula hawakusikii. Naona wazee wawili pale mbele wameshaanza kutazamana. Nivumilieni kidogo. Na huyu nitakayemsimulia msiende kumtafuta, maana nimemtunga mwenyewe wiki hii nikiwa napalilia migomba, ingawa nikifika mwisho huenda mkadhani mnamfahamu.

Palikuwa na mwanamke mmoja, tumwite Atuganile. Alizaliwa milimani, kwenye mvua na migomba kama huku kwetu, na Mungu alimpa sauti nene. Nene kwelikweli. Alipokuwa msichana, kwaya ya kanisa lao ilimjaribu sauti ya kwanza, ikamshusha ya pili, ikamshusha ya tatu, mwisho wakamkalisha kwenye besi katikati ya wanaume wenye ndevu. Mnacheka, lakini yeye hakucheka. Watoto wenzake walimwita Ngoma. Akipokea simu, watu walimwambia, "Shikamoo, baba." Ikafika mahali akawa anaongea kwa kunong'ona tu, tena maneno machache, ili asisikike.

Alipokuwa mtu mzima akahamia mjini, na huko ile sauti ndiyo iliyomtafutia kazi. Kulikuwa na studio moja iliyochukua katuni za nje na kuziingiza sauti za Kiswahili. Walimtaka mtu wa kumsemea shujaa wa katuni mpya. Walikuwa wameshajaribu wanaume kumi na mmoja. Wengine walitoka wazee mno, wengine walitoka kama wanatangaza dawa ya panya sokoni. Siku Atuganile alipofungua mdomo mbele ya maikrofoni, fundi mitambo alivua spika za masikioni, akageuka kumtazama kupitia kioo, akasema, "Dada, hebu rudia." Akarudia. Kazi ikawa yake.

Shujaa huyo aliitwa Jemadari Mchana. Nguvu zake zote zilitoka juani. Kiunoni alivaa mkanda wa dhahabu uliokunywa mwanga. Mkanda ule ndio uliozipa nguvu glovu zake, akainua malori. Ndio uliozipa nguvu buti zake, akaruka nyumba. Lakini nguvu hizo zilikuwa na mpaka. Akiingia kivulini, zinapungua. Akiingia gizani, mkanda unahesabu kumi, unazima, na ukizima, glovu zinakuwa glovu tu kama za mfagiaji wa barabara. Kila kipindi kilikuwa na mahali ambapo Jemadari anatazama kiunoni, anaona taa imekuwa nyekundu, anapaza sauti, "Nimefika mwisho wa nguvu zangu!" Halafu anakimbia kurudi juani kuujaza mkanda, na watoto nyumbani wanaruka juu ya makochi kwa wasiwasi.

Atuganile hakulipenda hilo hata kidogo. Siku moja alimwambia msimamizi wa studio, "Kaka, ni shujaa gani huyu anazimika kama kibatari? Kila nikisema hayo maneno naona aibu kwa niaba yake."

Msimamizi akacheka. "Dada, akishinda kila kitu, watoto watalala kipindi hakijaisha. Wewe soma ilivyoandikwa."

Akasoma ilivyoandikwa, miaka minne. Kijijini hakumwambia mtu. Walijua yuko televisheni, basi. Akiulizwa anafanya nini huko, anajibu, "Niko upande wa sauti," anabadilisha mazungumzo. Wewe ungesema? Ile sauti waliyokucheka nayo utoto wako wote, ungeirudisha mwenyewe nyumbani?

Sasa, mwaka mmoja, mwezi wa sita, alikwenda kijijini harusini. Binti wa kaka yake alikuwa anaolewa. Asubuhi ya siku moja kabla ya harusi, wanawake wanamenya ndizi, wanaume wanafunga maturubai, mambo yanakwenda. Nyuma ya nyumba ya jirani palikuwa na shimo la kisima. Lilichimbwa miaka mingi nyuma, wachimbaji wakakutana na mwamba, wakaliacha. Wakalifunika kwa magogo na udongo, majani yakaota juu, watu wakasahau. Magogo yakaoza chini kwa chini. Subilaga, mtoto wa jirani huyo, msichana wa miaka saba, alipita pale akimkimbiza kuku. Ardhi ikafunguka chini yake.

Hakufika chini kabisa. Shimo lilikuwa jembamba, na udongo ulioanguka naye ulimbana kiunoni, kiasi cha mita tano kutoka juu. Alikuwa hai, analia. Na kila alipolia na kujitikisa, udongo mwingine ulishuka. Ulikuwa kiunoni, ukaanza kupanda tumboni.

Watu walimiminika, mnajua wenyewe tunavyomiminika. Kijana mmoja alitaka kushuka kwa kamba, ukingo ukakatika chini ya miguu yake, wakamdaka na kumvuta. Hapo ndipo alipofika Mzee Gwakisa, mchimbaji visima wa siku nyingi. Aliwafokea watu wote warudi nyuma. Akalala kifudifudi, akachungulia. Alipoinuka, uso wake ulikuwa mwingine.

"Kwa juu hashuki mtu," alisema. "Tutachimba shimo lingine pembeni, tumfikie kwa ubavuni. Ni kazi ya masaa matano, sita. Lakini mtoto asijitikise. Akiendelea hivi, hatutamkuta."

Wakamleta mama yake aongee naye. Maskini, mama gani angeweza? Alisema, "Subi, mwanangu," sauti ikamkatika, na mtoto kusikia mama analia akazidi kupigapiga mikono. Udongo ukafika chini ya kifua. Mwenyekiti wa kijiji akapaza sauti, "Usiogope, tunakutoa sasa hivi!" Mtoto akanyamaza kidogo, akaisubiri hiyo sasa hivi. Haikuja. Akalia kuliko mwanzo.

Atuganile alikuwa amesimama nyuma ya watu, mikono imejaa utomvu wa ndizi. Mtoto yule, Atuganile alikuwa anamfahamu. Jioni iliyopita alimwona nyumbani kwa kaka yake, amekaa sakafuni mbele ya televisheni, anayasema maneno ya Jemadari Mchana kabla Jemadari mwenyewe hajayasema. Na yeye Atuganile alikuwa kwenye kochi nyuma yake, kimya.

Akavua viatu. Akapenya kati ya watu mpaka kwa Mzee Gwakisa.

"Shikamoo, mzee. Naomba nikaongee naye."

"Wewe ni nani yake?"

"Si ndugu yake. Ila sauti yangu anaijua."

Mzee alimtazama kwa muda mfupi tu, hapakuwa na nafasi ya maswali. Aliagiza ung'olewe mlango wa banda la ng'ombe, ukalazwa juu ya shimo ili uzito usikae mahali pamoja, na Atuganile akatambaa juu yake polepole hadi uso wake ukawa juu ya giza lile. Harufu ya udongo mbichi ilimjia. Kule chini aliona kitu cheupe kikicheza, akatambua ni kiganja.

Akavuta pumzi. Na kwa mara ya kwanza tangu utoto wake, mbele ya kijiji kizima, akaiachia ile sauti yote.

"Jua limewaka, nami nimefika!"

Wanawake waliokuwa wanalia wakanyamaza. Kuna mtu aligeuka nyuma kumtafuta mwanaume aliyesema. Na kule chini kilio kikakatika.

"Jemadari Mchana?"

"Ndiye."

Kisha kile kisauti kikauliza, "Mbona hushuki?"

Ndugu zangu, hapo mngejibu nini? Mimi najijua, ningesema, "Nashuka sasa hivi!" Hata Atuganile, maneno hayo yalishamfika ulimini. Lakini kabla hajayatoa, mtoto akajijibu mwenyewe.

"Huwezi. Huku hakuna jua. Mkanda utahesabu kumi halafu uzime."

"Ni kweli," Atuganile akasema. "Siwezi kushuka."

Watu nyuma wakaguna. Mwenyekiti akanong'ona kwa hasira, "Anamwambia nini mtoto wa watu?" Lakini sikilizeni vizuri. Mtoto hakulia. Asubuhi ile alikuwa ameambiwa mengi, na hili lilikuwa la kwanza ambalo yeye mwenyewe alijua kwamba ni kweli.

"Sasa utaenda juani," mtoto akasema. "Mkanda ukitaka kuzima huwa unaenda juani. Utaniacha."

Atuganile akazipekua kichwani karatasi zote alizosoma miaka minne. Jibu la hapo halikuwamo. Hapakuwa na kipindi hata kimoja ambacho Jemadari Mchana alikaa gizani na mtu. Kila mara alikimbia, akarudi baadaye na nguvu zake. Ndivyo alivyochorwa.

"Subi," akasema polepole, "mkanda ndio unaotaka jua. Kukaa hapa na wewe hakutaki mkanda. Ngoja niuvue." Akapiga ule mlango kwa kiganja ili mtoto asikie kitu kimewekwa chini. "Umesikia? Ndio huo."

"Na glovu?"

Akapiga tena. "Na glovu. Buti nimeshavua, niko pekupeku."

"Sasa huogopi?"

"Naogopa. Wewe je?"

"Sana."

"Basi tuko wawili. Sasa nisikilize. Weka mikono yako juu ya kichwa, utulie usitikisike. Kuna mzee anaitwa Gwakisa anakuja kwa pembeni. Yeye hana mkanda. Ana sururu, na vijana wanane. Atachelewa, Subi. Sikudanganyi, atachelewa sana. Ila mimi sitoki hapa."

Mtoto akaweka mikono kichwani. Udongo ukaacha kushuka.

Nami nataka mwone kazi iliyofuata, kwa sababu ni rahisi kuisema na ngumu kuifanya. Studio, kumsemea Jemadari ni nusu saa, halafu chai. Siku ile alianza saa nne asubuhi. Alisimulia vipindi vyote alivyovikumbuka, na mtoto akawa anamsahihisha: "Hapana, lile lori lilikuwa jekundu." Saa sita ilinyesha mvua ya manyunyu, shangazi mmoja akatambaa na khanga, akaitandaza juu ya Atuganile, akarudi kinyumenyume. Vijana walichimba kwa zamu, wakatolewa wamelowa udongo mpaka kope, wakala ndizi za harusi kwa mikono michafu, wakashuka tena. Bwana harusi mwenyewe alikuwamo. Mzee Gwakisa, mtu wa miaka sitini na ushee, alikataa kutoka kule chini. Kila nikiwafikiria watu hawa, wapendwa, natamani ningekuwa nimezaliwa kijiji kile.

Saa nane sauti ya Atuganile ikaanza kukwaruza. Akalazimisha. Ilipokaribia saa kumi, alifungua mdomo kumsemea Jemadari, pakatoka upepo mtupu. Akajaribu tena, pakatoka mkoromo mdogo wa mwanamke aliyechoka.

Na wakati huohuo sururu ilianza kugonga ukuta, ubavuni mwa mtoto. Du, du, du. Subilaga hakujua ni nini. Alipiga yowe, akashusha mikono, akaanza kujitikisa. Udongo ukamfika mabegani.

"Jemadari! Kuna kitu kinakuja! Jemadari!"

Jemadari hakuwapo. Alikuwa amekwisha. Pale juu ya mlango palibaki mwanamke mmoja, midomo imekauka, na kile kisauti cha kunong'ona alichojifichia miaka yote, nacho kimebaki nusu. Akakitumia hicho.

"Subi. Ni mzee Gwakisa. Amekufikia. Rudisha mikono kichwani, mwanangu."

Kule chini yowe likakatika.

"Wewe nani?"

Fikirini. Masaa sita mtoto ametulia kwa sababu anadhani yuko na shujaa. Ungemwambia?

"Mimi naitwa Atuganile," akasema. "Ndiye ninayemsemea Jemadari kwenye televisheni. Nimekuja harusini. Sina mkanda, Subi, sijawahi kuwa nao. Na sauti yake imeniishia."

Mama wa mtoto alifumba macho. Sururu nayo ilikuwa imesimama, Mzee Gwakisa kule ndani akisikiliza.

Kisha mtoto akasema, "Jemadari angeenda juani."

Atuganile akasogeza uso wake karibu zaidi na lile giza.

"Wewe usiende," mtoto akasema.

"Siendi."

Mikono ikarudi kichwani. Mzee Gwakisa akapiga mara tatu, ukuta ukatoboka, na mkono ukaingia. Haukuwa na glovu. Ulikuwa mkono wa mzee, kucha moja imeng'oka, damu na tope. Ukamshika mtoto chini ya kwapa. Baada ya muda, pale kwenye shimo la pili, vijana wakampokea, wakampandisha, wakampitisha mkono kwa mkono mpaka kwenye mapaja ya mama yake. Mguu ulikuwa umevunjika. Mengine yote yalikuwa mazima.

Harusi ilifungwa kesho yake kama ilivyopangwa. Nusu ya wanaume walisinzia kwenye viti wakati wa nasaha, na hakuna aliyewaamsha. Atuganile hakuweza kusema neno kwa siku tisa. Wanawake wa kijiji wakapokezana kumletea uji na asali, wakakaa naye, wakimsimulia yeye safari hii.

Sasa tuje kwetu sisi.

Kila mmoja wetu ana mkanda wake. Mwingine Mungu amempa elimu, mwingine cheo, mwingine ulimi wa kuomba mpaka mabati yanatikisika. Ni vitu vizuri, sivisemi vibaya. Yule shujaa na vifaa vyake alikuwa na kazi yake, na bila sauti yake mtoto asingenyamaza ile mara ya kwanza. Lakini kila mkanda una mahali unapozima. Tena mara nyingi unazima palepale penye giza, penye mtu. Na sisi tukiona taa imekuwa nyekundu tunafanya nini? Tunakimbia. Tunasema tunaenda kujaza nguvu, tunaenda kuomba, tutarudi tukiwa na jibu. Au tunabaki na kudanganya: utapona tu, atarudi tu, kila kitu kitakuwa sawa sasa hivi.

Nianze na mimi mchungaji wenu. Mwaka juzi nilimtembelea mgonjwa mmoja hospitali. Mkewe alikuwa pale. Nikamshika mkono yule bwana, nikasema kwa sauti hii mnayoisikia, "Utainuka, nakuhakikishia." Niliyaona macho ya mkewe yakiwaka. Wiki iliyofuata nikasikia hali imekuwa mbaya, nikaona haya. Ningekwenda kusema nini? Nikapata safari, nikapata semina, nikapata mambo mengi sana ya kufanya kwa Bwana. Alikufa hajaniona tena. Mkewe hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniamsha alfajiri.

Niliogopa kufika mwisho wa nguvu zangu mbele ya watu wale. Ningejua kwamba pale mwisho ndipo walipokuwa wananisubiri, ningekwenda hata bila Biblia, nikavuta kiti.

Sisi tunadhani Mungu anatutuma kwa watu kwa sababu ya vile tunavyoweza. Labda. Lakini yule mtoto alikuwa na shujaa wake kwa masaa sita, na alipochagua, alimchagua mwanamke aliyeishiwa. Kwa nini? Kwa sababu mwanamke huyo alimwambia kweli mara mbili, na mara zote mbili hakuondoka.

Basi sitawapa mafungu ya kwenda kuyatafakari. Mama Lugano amefiwa, hii ni wiki ya tatu. Tulikwenda wote, tukaimba vizuri sana, tukapeleka mchele, tukatoka. Tangu siku hiyo sijasikia kama kuna aliyerudi, na mimi pia sijarudi. Tukishaimba wimbo wa mwisho, sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Nitapita njia ya nyuma, niende kwake. Sina la kumwambia. Atakayeweza kuvumilia kukaa bila la kusema, tutembee pamoja.